Nafasi 108: Namna ya Kuisoma Kadi ya Mchezaji wa Besiboli

Hotuba kwa vijana na wazazi wanaozungumza Kiswahili, Columbus, Ohio

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Kaka na dada wa Kigoma, wa Bukavu, wa Mombasa, wa Bujumbura, hamjambo. Na nyinyi wanangu mliokaa mbele, mliokwisha kuyafungua makasha kabla sijasema neno, hamjambo pia. Fungueni tu, kadi zimeletwa zishikwe.

Najua kuna wazazi humu waliotoka zamu ya usiku wakaja moja kwa moja bila kupitia nyumbani. Nawashukuru sana. Kilichonifanya niombe saa hii moja ya Jumamosi yenu ni jambo nililoliona wiki mbili zilizopita. Kijana wetu mmoja alitoa kadi nne ili apate moja yenye jina kubwa. Nilizitazama zile nne baadaye. Mbili kati yake zilikuwa na thamani kuliko ile aliyoipokea. Iliniuma, maana hakudhulumiwa na mtu. Aliyebadilishana naye hakujua hesabu, wala yeye hakujua. Wote wawili walitazama jina.

Kwa wazazi ambao hawajauona mchezo huu, nieleze kwa ufupi. Kadi hizi ni za Strat-O-Matic. Kila kadi ni mchezaji mmoja wa besiboli wa kweli, katika msimu mmoja wa kweli. Unapanga timu yako mezani, mwenzako anapanga yake, mnarusha dadu, na kadi zinasema kilichotokea: amepiga, amekosa, mpira umevuka uzio, amepewa kituo bure. Aliyeubuni ni Hal Richman wa New York. Alianza kuuchora akiwa mtoto wa miaka 11, akauingiza sokoni mwaka 1961. Mambo yalipomwia magumu alikopa fedha kwa baba yake, kwa sharti kwamba mchezo ukimshinda ataingia kwenye kazi ya bima ya baba. Haukumshinda. Kabla yake palikuwa na mchezo wa kadi uitwao APBA, wa Pennsylvania, tangu 1951, na kabla ya hapo mchezo wa mshale unaozungushwa juu ya duara. Lakini katika ule wa mshale mrushaji hakuwa na uzito wowote, nguvu yote ilikuwa kwa mpigaji. Richman alitaka mrushaji naye awe na kadi inayosema. Shikeni hapo, kwa sababu karibu kila nitakalosema leo limetoka kwenye uamuzi huo mmoja.

Sasa kijana wangu, sogea hapa. Ndiyo, wewe mwenye kofia. Rusha dadu hizi tatu.

Vizuri. Ile nyeupe imetoa 2. Zile nyekundu mbili zimetoa 4 na 3, jumla 7. Dadu nyeupe ndiyo inayosema tusome kadi ya nani. Ikitoa 1, 2 au 3, tunasoma kadi ya mpigaji, safu ya kwanza, ya pili au ya tatu. Ikitoa 4, 5 au 6, tunasoma kadi ya mrushaji, nayo ina safu zake tatu, ya nne, ya tano na ya sita. Ukishajua safu, unashuka hadi mstari wenye jumla ya zile nyekundu. Hapa ni safu ya pili, mstari wa 7. Soma. Amepewa kituo bure. Haya, mtu wako yuko kituo cha kwanza.

Angalieni safu hiyo vizuri. Ina mistari 11, kuanzia 2 hadi 12. Mtoto anayeitazama kwa mara ya kwanza huihesabu mistari. Ataniambia, mama, kadi hii ina homurani tatu, yaani mipira inayovuka uzio, na ile ina moja, basi hii ni bora. Lakini mistari hailingani. Ili upate 2 kwa dadu mbili, kuna njia moja tu, 1 na 1. Ili upate 7 kuna njia sita. Mstari wa 2 una nafasi moja, wa 3 mbili, wa 4 tatu, wa 5 nne, wa 6 tano, wa 7 sita, kisha zinashuka hivyo hivyo: tano, nne, tatu, mbili, moja. Jumla ni 36 kwa safu, 108 kwa kadi nzima. Kwa hiyo yule mwenye homurani kwenye mistari ya 2, 3 na 12 ana nafasi nne. Yule mwenye moja tu kwenye mstari wa 7 ana sita. Wacheza bao mnanielewa: shimo lenye kete nyingi hulijui kwa kulitazama kwa mbali, unalijua kwa kutia mkono.

Na mara nyingine mstari mmoja umegawanywa. Utaona imeandikwa homurani 1 hadi 12, pigo la vituo viwili 13 hadi 20. Hapo inarushwa dadu ya pande 20. Ikiwa mstari huo ni wa 8, wenye nafasi tano, basi kumi na mbili juu ya ishirini ya tano ni tatu. Andika tatu kwa homurani, mbili kwa lile pigo. Kalamu na karatasi vinatosha. Mimi ni mhasibu, lakini hesabu hii naifanya na mwanangu wa darasa la nne, na sasa ananishinda kwa kasi.

Ukimaliza kuhesabu, zipe nafasi zako uzito. Wapenzi wa besiboli wamelipima jambo hili kwa miaka mingi, na kwa matumizi ya mezani inatosha kukumbuka kwa kukadiria: kituo cha bure kina thamani ya 0.3 ya pointi (pointi ni mtu mmoja kuzunguka vituo vyote na kufika nyumbani), pigo la kituo kimoja 0.45, la vituo viwili 0.8, homurani 1.4. Na auti, yaani mpigaji kutolewa, inakugharimu kama 0.25. Hiyo ya mwisho watu huisahau. Auti ni kitu cha kutumia kwa uchungu, maana kila timu ina 27 tu katika mchezo wa kawaida, na zikiisha zimeisha.

Nimewaandikia kadi mbili ubaoni. Nimezitunga mwenyewe, hazina majina, ili tusidanganywe na majina. Ya kwanza ina nafasi 30 za pigo la kituo kimoja, 5 za vituo viwili, 2 za homurani na 5 za kituo cha bure. Ya pili ina nafasi 10 tu za pigo la kituo kimoja, 5 za vituo viwili, 8 za homurani na 22 za kituo cha bure. Zilizobaki zote ni auti. Mbele ya mrushaji wa wastani, mpigaji wa kwanza atamaliza msimu na wastani wa karibu .300, yaani mapigo matatu katika kila majaribio kumi. Huyo ndiye gazeti humsifu. Wa pili atakuwa karibu .254, na watu watasema ana siku nyingi mbaya.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Wa kwanza: 13.5 za mapigo madogo, 4 za vituo viwili, 2.8 za homurani, 1.5 za vituo vya bure. Jumla 21.8. Toa auti 66, ambazo ni 16.5. Inabaki 5.3. Wa pili: 4.5, kisha 4, kisha 11.2, kisha 6.6. Jumla 26.3. Toa auti 63, ambazo ni 15.75. Inabaki 10.55. Amemzidi mwenzake mara mbili, na hata auti ametoa chache zaidi. Tofauti ya pointi 5 hivi ni kwa kila mara 216 anaposimama kupiga, yaani nafasi 108 za kadi yake na 108 za kadi ya mrushaji. Kwa msimu mzima, mpigaji wa kila siku husimama mara tatu ya hapo, basi tofauti inakaribia pointi 16. Kwa kanuni ya kukadiria ya besiboli, pointi 10 ni ushindi mmoja. Kijana aliyebadilisha wa pili kwa wa kwanza ametoa ushindi mmoja na nusu akafurahi.

Hapa mzee mmoja aliniuliza juzi swali zuri sana: mbona kadi ya mchezaji hodari inaonekana imetiwa chumvi? Mbona ni kali kuliko alivyokuwa mwenyewe? Ndivyo inavyotakiwa. Kumbukeni ile dadu nyeupe. Nusu ya mirusho yote inakwenda kwa mrushaji, na mrushaji wa wastani hutoa matokeo ya wastani. Kadi ya mpigaji lazima ivute kwa nguvu zaidi ili matokeo ya jumla yaje pale alipokuwa. Mchukueni Ted Williams wa Boston mwaka 1941, msimu aliopiga .406. Alifika kituoni mara 553 katika kila 1000. Tuseme wapigaji wa ligi yake walifika mara 340. Ili wastani wa nusu mbili uwe 553, kadi yake peke yake inapaswa kutoa 766. Hiyo ni nafasi kama 83 kati ya 108. Zimebaki 25 tu za kumtoa. Ukiishika kadi ya namna hiyo utadhani kuna kosa la uchapaji. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Kadi hizi zimeundwa kwa kuuliza kwanza wenzake walikuwa wakifanya nini mwaka ule.

Ndiyo maana kuchanganya misimu kunataka uangalifu. Mwaka 1968 Bob Gibson wa St. Louis aliruhusu pointi 1.12 kwa kila awamu tisa, yaani kwa kila mechi nzima ya kawaida. Mwaka 2000 Pedro Martínez wa Boston aliruhusu 1.74. Mtoto atasema Gibson, bila kufikiri. Lakini 1968 ulikuwa mwaka wa warushaji, wastani wa ligi ya Gibson ulikuwa 2.99, na msimu uliofuata wakuu wa mchezo walikishusha kilima cha mrushaji kutoka inchi 15 hadi 10 kwa sababu wapigaji walikuwa wamezidiwa. Wastani wa ligi ya Pedro mwaka 2000 ulikuwa 4.91. Pedro aliwaacha wenzake mbali zaidi. Kadi mbili hizo zimepimwa kila moja kwa mizani ya mwaka wake, na anayeziweka meza moja anapaswa kujua hivyo kabla hajachagua.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa mkilibeba moja tu nyumbani, mlibebe hili.

Mimi nimekulia Tanga. Besiboli sikuijua hata kwa jina. Niliifahamu hapa hapa Columbus, kwenye kibaraza cha jirani yangu, mzee Mmarekani Mweusi aliyekuwa amestaafu, mjane, aliyekuwa akicheza kadi hizi tangu ujana wake. Jioni za kiangazi alikuwa anakaa na kasha lake la kadi, redio ikisema polepole, akicheza peke yake timu zote mbili. Nilimpelekea wali wa nazi siku moja, akanikaribisha kiti. Msimu uliofuata tulikuwa wanne tunaofanya ligi ndogo kwa kadi za 1973: yeye, mimi na jamaa zake wawili.

Siku ya kuchagua wachezaji nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimehesabu nafasi zote za wapigaji kama nilivyowaonyesha, usiku kucha. Ilipofika zamu ya kumchukua shotistopu, yule mlinzi anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, nilimchukua mwenye kadi tamu ya kupiga. Mzee akamchukua Mark Belanger wa Baltimore. Nilimwonea huruma. Belanger msimu ule alipiga .226. Katika maisha yake yote ya mchezo wastani wake ni .228. Nikasema moyoni, mzee anachagua kwa mapenzi.

Tulicheza miezi miwili. Nilikuwa na wapigaji bora kuliko wote na nilikuwa wa tatu. Sikuelewa. Warushaji wangu, niliowahesabu vizuri, walikuwa wanaruhusu watu wengi kuliko kadi zao zilivyosema. Kisha ikaja mechi ya mwisho dhidi ya mzee. Awamu ya tisa, ninaongoza kwa pointi moja, ana watu kituo cha kwanza na cha pili, auti moja. Anarusha. Nyeupe 5, nyekundu 6 na 2. Nikashusha kidole kwenye kadi ya mrushaji wangu, safu ya tano, mstari wa 8. Palikuwa na mpira wa chini kwa shotistopu na herufi X kubwa. Herufi hiyo maana yake kadi ya mrushaji imekataa kusema. Inasema, muulize mlinzi.

Mlinzi wangu alikuwa wa daraja la 4. Madaraja huanza 1, ambalo ni bora, hadi 5. Tukarusha ile dadu ya pande 20, tukasoma jedwali chini ya namba 4. Mpira umempita. Pigo la kituo kimoja, mtu amefika nyumbani, tumelingana. Mrusho uliofuata, sitasahau, X tena, kwa shotistopu yule yule. Umempita tena. Mechi imekwisha. Mzee hakusherehekea. Alichukua kadi ya Belanger, akaniwekea mbele yangu, akaweka kidole kwenye namba 1 iliyo kando ya nafasi anayolinda. Kisha akachukua kadi ya mrushaji wangu akaniambia nihesabu herufi X zote.

Nilihesabu. Kwenye kadi ya mrushaji mna nafasi 30 za X kati ya 108. Shotistopu ana 7. Mlinzi wa kituo cha pili ana 6. Mlinzi wa kituo cha tatu 3, wa uwanja wa kati wa nyuma 3, mdakaji, yule anayekaa nyuma ya mpigaji, 3. Wengine wote wana mbilimbili, pamoja na mrushaji mwenyewe. Zaidi ya robo ya kadi ya mrushaji haiko mikononi mwake. Nilikuwa nimewalaumu warushaji miezi miwili kwa dhambi ya mtu mwingine.

Tupige hesabu ya msimu. Timu hukabiliana na wapigaji kama mara 6,200 kwa msimu. Nafasi 7 juu ya 216 ni mipira 200 inayomfuata shotistopu kwa X peke yake. Tukadirie tu kwamba mlinzi hafifu anaachia pigo moja zaidi katika kila mipira minne kuliko mlinzi wa daraja la 1. Hayo ni mapigo 50. Kila pigo limeondoa auti na kuweka mtu kituoni, tofauti ya 0.7 ya pointi. Jumla ni pointi 35, na bado sijataja zile auti mbili kwa mpira mmoja ambazo mlinzi mzuri huzigeuza na mbaya huzikosa. Rudini ubaoni. Tofauti ya wale wapigaji wawili, iliyotufanya tushangae, ilikuwa 16.

Baltimore walilijua hili uwanjani kabla hatujalijua sisi mezani. Mwaka 1971 timu hiyo ilikuwa na warushaji wanne walioshinda mechi 20 au zaidi kila mmoja: Palmer, McNally, Cuellar na Dobson. Nyuma yao, upande wa kushoto wa uwanja, walisimama Brooks Robinson kituo cha tatu na huyu Belanger kando yake. Robinson alipata tuzo 16 za Glavu ya Dhahabu, wanazopewa walinzi bora, Belanger 8. Sisemi warushaji wale hawakuwa hodari, walikuwa hodari sana. Lakini mtu anayezitazama kadi zao nne na kuiacha ya Belanger kwenye kasha amenunua pilau akasahau mchele.

Kwa hiyo wanangu, kabla ya kumchagua mlinzi wa katikati, ukimaliza kuhesabu nafasi zake za kupiga, ongeza au punguza za kulinda. Kwa shotistopu na mlinzi wa kituo cha pili punguza sana. Kwa mlinzi wa kando wa uwanja wa nyuma, ambaye X zake ni 2, punguza kidogo tu. Mpigaji mkali asiyejua kudaka mfiche kituo cha kwanza au uwanja wa kushoto, huko madhara yake ni machache.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Kadi zilizo kamili zaidi zina sehemu mbili, moja ya kukutana na mrushaji wa mkono wa kushoto na nyingine wa mkono wa kulia. Wengi wa warushaji ni wa kulia, basi sehemu ya kulia ipe uzito wa robo tatu hivi unapojumlisha. Mpigaji anayetisha dhidi ya mashoto peke yao ni wa kuingizwa siku maalumu, usimlipie bei ya mtu wa kila siku. Mrushaji tazama anachoka lini, maana akichoka kuna auti zake zinazogeuka mapigo. Na uwanja pia una kadi yake. Uwanja wa Denver uko karibu mita 1,600 juu ya bahari, hewa nyepesi, mpira unapaa. Wenzangu wa Nairobi msicheke, kwenu ni juu zaidi ya Denver, mngecheza besiboli mngeona maajabu. Watu humdharau Larry Walker wa Denver kwa sababu ya hewa hiyo, wakasahau kwamba mwaka 1997 alipiga homurani 49 na 29 kati yake zilikuwa ugenini.

Kuhusu wale waliocheza kidogo, tahadharini. Mwaka 1957 Milwaukee walimleta Bob Hazle katikati ya msimu. Alipiga .403, timu ikatwaa ubingwa, watu wakamwita Kimbunga. Kadi yake ni moto. Lakini ni majaribio 134 tu, na mwaka uliofuata alikwisha kabisa. Kadi haijui kwamba ilikuwa miezi miwili ya bahati, yenyewe itaendelea kupiga .403 hadi karatasi ichakae. Ndiyo maana ligi zenye heshima huweka sharti: mchezaji asitumike kupita alivyotumika kweli. Kama ligi yenu haina sharti hilo, liwekeni leo kabla hamjabadilishana kadi hata moja.

Na hapo ndipo napata uzito wa kusema linalofuata, kwa sababu kuna watu waliocheza kidogo kwenye vitabu kwa kuwa walizuiwa, na hao si akina Hazle.

Yule mzee jirani yangu alikuwa na kadi alizoziweka kando, kwenye bahasha, hazichanganyi na nyingine. Ni za wachezaji wa Ligi za Weusi. Kwa miongo mingi, hadi 1947, ligi kuu hazikumruhusu mtu mweusi kusimama uwanjani. Josh Gibson, mdakaji wa Homestead Grays, alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35. Jackie Robinson, mweusi aliyeufungua mlango huo, aliingia uwanjani na Brooklyn tarehe 15 Aprili mwaka huo huo. Miezi mitatu. Mwaka 2020 wakuu wa besiboli walitangaza kwamba Ligi za Weusi za 1920 hadi 1948 zilikuwa ligi kuu kama nyingine, na mwaka 2024 takwimu zao zikaingizwa katika kumbukumbu rasmi. Gibson, kwa wastani wa .372, akawa juu ya Ty Cobb, aliyekuwa akiongoza kabla yake, na juu ya kila mtu.

Wengine wanauliza, kadi ya Gibson tuipimeje, ikiwa misimu yao iliyoandikwa ilikuwa mifupi, mechi 60 au 80? Swali ni la haki, nami nimetoka kuwaonya kuhusu Hazle. Jibu langu ni kwamba Hazle alikuwa na miezi miwili katika maisha yake, na Gibson alifanya vile mwaka baada ya mwaka, tangu ujanani hadi ugonjwa ulipomzidi. Msimu mmoja mfupi nauogopa. Misimu mingi mifupi inayosema neno moja naiamini. Na tena ni mdakaji, nafasi yenye X tatu na kazi ya kuwazuia wezi wa vituo, wale wanaokimbilia kituo kinachofuata kabla mpira haujapigwa, ambapo wapigaji wa kweli ni adimu. Wekeni hilo kwenye hesabu yenu. Mtoto akinipa kadi nne nzuri kwa ile ya Gibson, kwa hesabu tu, bila machozi, sitampa.

Mzee alikuwa akiitoa ile bahasha siku za Jumapili. Anaipanga timu ya Weusi dhidi ya mabingwa wa miaka ile ambao hawakuwahi kukutana nao kwenye mechi ya kuhesabiwa. Anarusha dadu polepole kuliko kawaida, na kila matokeo anayaandika kwa kalamu ya wino katika daftari. Nilimwuliza siku moja kwa nini anaandika wakati ni mchezo tu. Akaniambia baba yake aliwaona wakicheza, na hakuna aliyeandika.

Alipofariki, watoto wake waliniletea kasha lake, pamoja na daftari. Ndilo hili mlilolifungua. Kadi ya Belanger imo, ina kona iliyokunjika, mtaitambua.

Basi sasa, kila meza ichukue kadi mbili za wapigaji na moja ya mrushaji. Karatasi zipo, kalamu zipo. Hesabuni nafasi kwanza, safu kwa safu, mkihakikisha kila safu inafika 36. Isipofika 36 mmekosea, anzeni upya. Kisha zungusheni duara kila X kwenye kadi ya mrushaji na mwandike kando ni ya nani. Wazazi msikae nyuma, njooni, viti vipo. Chai iko kule mlangoni, na vitumbua vya mama wa Mombasa vimefika, lakini naomba mikono yenye mafuta isiguse bahasha.